Mkono Uliosahauliwa Juu ya Gia

Wahenga wetu walisema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ni methali tuliyoizoea mno hata hatuisikii tena. Huitumia kumkejeli mwenzetu aliyeshindwa, tukacheka, kisha tukapita. Lakini ndani ya methali hii mna swali ambalo kicheko chetu hakijalijibu. Jua nalo lina sehemu yake katika kuchanua kwa maua. Mbaazi hauchanui peke yake. Una ardhi, una maji, una wadudu, una mkono wa mkulima, na jua lenyewe limo. Basi maua yakikosekana, tuanze wapi kutafuta sababu? Na ni nani mwenye haki ya kunyoosha kidole na kusema, "Wewe ndiye"?

Swali hili ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, ndugu msomaji. Wakubwa wamelizungumza vyuoni na barazani tangu zamani, na mimi sidai kuleta elimu mpya. Ninacholeta ni kisa cha gari bovu, ambacho kilinifunza zaidi kuliko nilivyotarajia kufunzwa na gari.

Mwaka 1998 nilikuwa nikiishi kwa ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, katika mji mmoja wa bandari kusini mwa Uingereza. Ami aliondoka Unguja katika miaka ya sitini akiwa kijana, akafanya kazi za meli, kisha za kiwandani. Uzeeni, mali iliyompendeza kuliko zote ilikuwa Volkswagen ya mwaka 1970, ile ya mgongo wa mviringo kama wa kobe. Gari za umbo hilo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwezi wa Julai 2003. Wazee wetu wa Afrika Mashariki wanaikumbuka vizuri, kwani ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Lakini gari ya Ami ilikuwa ya aina isiyoonekana sana, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967: haikuwa na pedeli ya klachi.

Miguuni mwa dereva mlikuwa na mafuta na breki, basi. Hata hivyo haikuwa gari ya kujifanyia kila jambo wenyewe, kama zilivyo gari nyingi za leo. Gia ilichaguliwa na dereva kwa mkono wake, tatu za mbele na moja ya nyuma. Ndiyo maana ikaitwa nusu otomatiki. Dereva huamua, gari hutekeleza. Na baina ya kuamua na kutekeleza mna njia ambayo lazima niieleze, maana kisa chote kimo humo.

Katika kitako cha fimbo ya gia mna pointi mbili ndogo za umeme, zilizotenganishwa na uwazi mwembamba. Mkono wa dereva ukiisukuma fimbo, hata kidogo, pointi hukutana na umeme hupita. Umeme huo huenda nyuma, kwani injini ya gari hii imo nyuma, ukaiamsha sumaku iliyo kwenye vali, na vali ikafunguka. Hapo mvuto wa hewa, ule unaotokana na injini inapovuta pumzi na ambao huwekwa akiba katika tangi dogo, hupita ndani ya mpira mpaka kwenye kopo la bati lenye utando ndani yake. Utando huvutwa, nao huuvuta mkono wa klachi, na klachi ikaachia. Yote haya hutokea kwa muda wa kupepesa jicho. Dereva akishaingiza gia na kuiacha fimbo, pointi huachana, umeme hukatika, hewa hurudi ndani ya kopo, na klachi hushika tena: upesi ikiwa mguu umekanyaga mafuta, taratibu ikiwa haukukanyaga, ili gari isishtuke. Baina ya injini na klachi mna chombo kingine, mfano wa feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta, ya kwanza ikiyasukuma mafuta nayo yakaizungusha ya pili. Hicho ndicho kinachoiwezesha gari kusimama kwenye taa za barabarani ikiwa imo ndani ya gia, na injini isizimike.

Ami alipenda kusema kwamba gari yake ina adabu kuliko watu: ukiigusa tu, inajua unachotaka. Hakujua kuwa sifa hiyo ndiyo itakayomponza.

Usiku mmoja alinituma kituo cha treni kumpokea mgeni aliyetoka London. Nilikwenda salama. Wakati wa kurudi, nilipotaka kubadilisha gia, gari ilitoa sauti mbaya ya meno yanayosagana. Nikajaribu tena, gia ikaingia kwa tabu. Mgeni alikuwa akizungumza nami habari za nyumbani. Nikajifanya sikusikia kitu, nikaendesha hivyo hivyo mpaka nyumbani. Nikaegesha, nikauweka ufunguo mahali pake, nikalala. Sikusema neno.

Asubuhi Ami alitoka na gari, hakufika mwisho wa mtaa akarudi.

"Umeifanya nini gari yangu?"

"Sikuifanya kitu, Ami."

"Basi imejivunja wenyewe usiku, watu wamelala?"

Sikuwa na jibu. Ukimya wangu wa usiku ule ukawa ushahidi juu yangu. Siku mbili baadaye fundi wa gereji ya jirani aliiendesha gari mara moja, akakunja uso, akasema giaboksi imekufa na kuitengeneza kutagharimu zaidi ya thamani ya gari nzima. Hakufungua hata kifuniko cha injini. Ami alirudi nyumbani kimya. Hakunigombeza tena, na hilo ndilo lililonichoma. Aliacha kunituma. Dukani alikwenda mwenyewe, barua alipeleka mwenyewe, chai akajitilia mwenyewe. Kwa watu wetu, kijana asiyetumwa ni kijana aliyekwisha kuhukumiwa.

Ijumaa iliyofuata alikuja mzee mmoja wa Kipemba, rafiki wa Ami tangu siku za meli, aliyekuwa mtu wa mashine baharini maisha yake yote. Baada ya chakula Ami akamsimulia msiba wa gari. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Kabla ya kuihukumu, mliisikiliza?"

Tukatoka nje sote watatu. Mzee alinisimamisha nyuma ya gari, akaniambia niinamishe sikio kwenye injini. Yeye akakaa kwenye kiti cha dereva, akaufungua ufunguo bila ya kuiwasha gari, akaigusa fimbo ya gia kwa kidole. Nikasikia: tik.

"Imesema?"

"Imesema, babu."

"Basi fyuzi nzima, pointi zinakutana, sumaku inavuta. Mashaka matatu yameondoka na hatujashika spana. Umeme upo. Sasa tutafute upepo."

Akaniambia niiwashe injini, naye akawa anaufuata mpira kwa vidole vyake, kutoka kwenye injini mpaka kwenye vali, kutoka kwenye vali mpaka kwenye tangi, kama mtu anayehesabu tasbihi. Mara akasimama. Pale mpira ulipoungana na tangi, chini ya bawa la gurudumu la nyuma, ulikuwa umekauka kwa joto la miaka, nao ulikuwa na ufa usiozidi ukucha wa mtoto. Hewa ya nje ilikuwa ikiingia hapo. Mvuto uliopaswa kuiachanisha klachi ulikuwa ukipotea njiani, na gia zikalazimishwa kuingia hali klachi ingali imeshika. Ndiyo sababu ya meno kusaga. Giaboksi haikuwa na kosa lolote. Mpira mpya ulinunuliwa kwa fedha ya mkate na maziwa, na gia zikaingia kimya kama zamani.

Hapo mtu angeweza kufunga kitabu. Nami nilikwisha anza kujihisi mshindi. Lakini tulipoijaribu gari kwenye kilima, injini ilinguruma na mwendo haukuongezeka. Ilikuwa ikifanya hivyo hasa kila tulipopita penye shimo: mngurumo wa ghafla, kisha utulivu, kisha mngurumo tena. Mzee alikuwa amekaa mbele upande wa kushoto, mimi nyuma. Hakutazama barabara. Alikuwa akimtazama Ami.

"Sheikh wangu," akasema kwa upole, "mkono."

Ami akautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ulikuwa umetulia juu ya fimbo ya gia, kama mkono wa mzee unavyotulia juu ya bakora. Miaka mingi ya kuendesha gari za kawaida ilikuwa imempa mazoea hayo. Katika gari ya kawaida mazoea hayo si mazuri, lakini hayaonekani upesi. Katika gari ile, kila mtikisiko ulizikutanisha pointi, klachi ikaachia kidogo, ikashika, ikaachia tena. Pleti ya klachi ilikuwa ikiliwa kila siku, na aliyekuwa akiila ndiye aliyekuwa akiipenda gari kuliko wote. Ami akauondoa mkono, akauweka kwenye usukani. Gari ikapanda kilima, ingawa kwa uchovu. Mzee akaikaza klachi upya siku ileile; baada ya miezi michache pleti ikabidi ibadilishwe.

Usiku ule, mbele ya mgeni wake, mkewe na wanawe, Ami alisema: "Mwanangu, nilikudhania vibaya. Nisamehe." Chumba kizima kilinyamaza. Sikuwahi kumsikia mtu mzima wa ukoo wetu akimwomba radhi kijana mbele za watu. Nikasema, "Ami, nami unisamehe. Ile sauti niliisikia usiku ule njiani, nikaficha." Akatikisa kichwa. Asubuhi yake alinituma dukani.

Sasa tulitazame jambo hili kwa utulivu. Waliokuwa na sehemu katika uharibifu ule walikuwa wengi. Wakati ulikuwa na sehemu, kwani ndio ulioukausha mpira. Ami alikuwa na sehemu kwa mkono wake. Mimi sikuharibu kitu, lakini nilikuwa na sehemu katika kuchelewa kwa habari, maana laiti ningesema usiku uleule, shaka isingeota mizizi. Fundi wa gereji alikuwa na sehemu kwa kutoa hukumu bila ya uchunguzi. Lakini tuhuma ya kuvunja na kuvunjika ziliwaangukia wawili ambao hawakuwa na hatia ya jambo hilo: giaboksi na mimi. Kwa nini?

Giaboksi ilituhumiwa kwa sababu ni kubwa. Akili yetu hudhani kwamba tatizo kubwa lazima liwe na chanzo kikubwa, na kwamba kelele hutoka pale ilipo sababu. Mimi nilituhumiwa kwa sababu ni mdogo. Lawama ina tabia ya maji: huteremka, ikatafuta mahali pa chini pa kutuama. Nyumbani humtuamia mtoto au mtumishi, kazini humtuamia kibarua. Hizi ni njia mbili za kukosea zinazoonekana kupingana, ilhali mzizi wake ni mmoja. Katika zote mbili tumechagua mkosaji kwa kutazama umbo na cheo, na hatukuufuata mpira kwa vidole.

Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliligusa suala hili katika kitabu chake cha maadili. Alitofautisha yale tuyatendayo kwa hiari na yale tuyatendayo kwa kulazimishwa, kisha akakiri kwamba yapo yaliyochanganyika, na mfano wake ni wa watu wa bahari: nahodha anayetupa shehena majini wakati wa dhoruba ili aokoe roho. Hakuna atakaye kutupa mali yake, na hata hivyo mkono unaotupa ni wake. Juu ya kutojua pia alikuwa na neno zito. Mtu aliyetenda bila ya kujua anaweza kusamehewa, lakini si yule ambaye kutojua kwake kumetokana na uzembe, kwani kuwa mwangalifu kulikuwa katika uwezo wake. Kwa mizani hiyo, mkono wa Ami uko wapi? Hakukusudia. Hakulazimishwa. Alisahau kwamba ana mkono. Nami naona kwamba madhara mengi tunayowafanyia tunaowapenda ni ya namna hii: hayatokani na chuki wala dharura, bali na mkono uliosahauliwa pale ulipozoea kukaa. Mzazi anayemsimamia mwanawe katika kila neno, mwalimu asiyemwachia mwanafunzi nafasi ya kukosea, kiongozi asiyejua kuondoa kiganja juu ya kazi aliyokwisha kuikabidhi. Wote hao watakuapia kwamba hawafanyi kitu. Na kweli hawafanyi kitu. Wameegemea tu.

Wanavyuoni wetu wana neno kwa dawa ya maradhi haya: muhasaba, kuhesabiana na nafsi. Imam al-Ghazali aliandika juu yake katika Ihya, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara ambaye hukai naye mpaka mwisho wa safari bila ya kufungua daftari. Watu wa visiwani, ambao wazee wao waliishi kwa ushirika wa majahazi na maduka, wanaielewa picha hiyo bila ya kufasiriwa. Mshirika hahesabiwi kwa kuwa ni mwizi. Huhesabiwa kwa sababu ni mshirika.

Nanyi wapenzi wa ushairi mnaijua hali hii kwa njia yenu. Mshororo unasomwa barazani, unachechemea. Msikilizaji mwepesi atasema mtunzi hana kipaji na ubeti mzima utupwe. Huyo ni ndugu wa yule fundi wa gereji. Mjuzi ataanza kuhesabu: ukwapi mizani nane, utao mizani nane. Huenda akakuta mizani moja imezidi katika ukwapi, akaondoa neno moja na mshororo ukaimbika. Lakini mara nyingine atahesabu na kukuta kila kitu kimetimia, na aliyechechemea ni msomaji. Neno "mtu" lina mizani mbili. Anayelisoma kwa pupa hulitamka kama moja, mshororo ukavunjika mdomoni mwake, kisha akamlaumu aliyeuandika. Mjuzi anaanza na ulimi wake kwa sababu ulimi uko karibu, na kuuchunguza hakumvunjii mtu heshima.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu, na si mahali nilipolitarajia. Tumezoea kuambiwa tuanze kujilaumu nafsi zetu kwa kuwa sisi ni wakosefu. Labda ni kweli, lakini hiyo si sababu ya mzee wa Kipemba kumtazama Ami. Yeye alikwenda kwa utaratibu: kwanza kinachoweza kusikilizwa bila kufunguliwa, kisha kinachoweza kuguswa bila kuvunjwa, na mwisho kabisa, ikiwa hapana budi, kile ambacho lazima kipasuliwe. Giaboksi ukishaifungua, hata kama haina kosa, hairudi ilivyokuwa kwa wepesi. Na mtu ni hivyo hivyo. Ukishamtuhumu, ukaipekua dhamiri yake mbele za watu, hata akionekana msafi hafungiki tena kama alivyokuwa. Nafsi yako ndiyo peke yake unayoweza kuifungua bila ya kumjeruhi mtu mwingine. Kwa hiyo anza nayo. Huanzi nayo kwa kuwa ndiyo yenye hatia zaidi. Unaanza nayo kwa kuwa gharama ya kuichunguza ni yako pekee.

Najua kuna atakayenipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: maneno haya yanamfaa dhalimu. Kila aliyeonewa ataambiwa ajichunguze kwanza, na aliyemwonea atakaa kivulini akipepewa. Na sisi tuna makaburi ya kuthibitisha hatari hiyo. Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu wengi kupita uwezo wake. Nani atathubutu kumwambia mama aliyepoteza watoto baharini aanze kwa kujiuliza kwa nini alipanda? Kauli kama hiyo si hekima, ni ukatili uliovishwa kanzu. Abiria hakushika usukani wala hakuhesabu tiketi.

Nakubali pingamizi hili, nami naliona kuwa linaikamilisha hoja kuliko kuivunja. Kanuni ya kuanza na nafsi haiwahusu wote kwa kiwango kimoja. Inamhusu kwanza yule ambaye mkono wake uko juu ya fimbo. Kadiri mamlaka yanavyokuwa makubwa, ndivyo wajibu wa kujitazama unavyotangulia. Katika nyumba yetu aliyepaswa kuanza ni Ami, maana yeye ndiye aliyekuwa mwenye gari, mwenye nyumba na mwenye neno. Wajibu wangu mimi ulikuwa mwingine, nao ulikuwa kusema nilichokisikia. Mdogo hadaiwi hukumu juu ya nafsi yake. Anadaiwa ushahidi wa kweli. Nami niliuficha, kwa sababu niliijua njia ya maji na nikajua yatakapotuama. Nyumba ambayo lawama huteremka daima ni nyumba ambayo habari hazipandi kamwe. Mpira hupasuka, mdogo akasikia, akalala.

Wala mambo haya si ya gari za kale peke yake. Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari iliyokuwa ikijaribiwa kujiendesha yenyewe ilimgonga usiku mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake, akafa. Ndani ya gari alikuwamo msimamizi, aliyewekwa ili aingilie kati mashine ikikosea, na uchunguzi ukaonesha kwamba alikuwa akitazama simu. Uchunguzi huo huo ulionesha pia udhaifu katika utaratibu wa usalama wa kampuni yenyewe. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka aliamua kwamba kampuni haina jinai. Mwaka 2023 msimamizi alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Simtetei mtu aliyetazama simu hali roho za watu zimo mikononi mwake. Nasema tu kwamba nimeyatambua maji yale, na njia yaliyopita. Wahenga walionya kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Zama zetu zimeongeza nahodha asiye na roho, na chombo kikienda mrama tunamtafuta mwenye roho aliye karibu na aliye mdogo, tukamfunga yeye. Kila tunapogawana kazi na mashine, nusu yake na nusu yetu, tujue kwamba lawama haitagawanyika nusu kwa nusu yenyewe. Ni sisi tutakaoigawa, kwa haki au kwa uvivu.

Ami alifariki miaka kadhaa iliyopita, na gari ilinunuliwa na kijana wa mji ule anayependa vitu vya kale. Siku ya kuikabidhi nilikuwapo. Nilimwonesha mahali pa tangi, nikamwonesha mpira, nikamfundisha kufungua ufunguo bila kuwasha na kusikiliza ile tik. Yote hayo aliyaandika. Kisha nikamwambia neno la mwisho, akanitazama kidogo kana kwamba hakuona kwa nini linahitaji kusemwa: ukishaingiza gia, uondoe mkono.

Aliwasha gari, akaondoka taratibu. Nilimtazama mpaka kwenye pembe ya mtaa. Kupitia dirisha la nyuma sikuweza kuuona mkono wake wa kushoto ulipokuwa.